HARRY JOHNSTON NA NYAMA WA MSITU WA BENI



Katika masomo ya biolojia tumejaza kaye zetu majina mengi: oda, familia, jenasi, spishi. Wengi wetu tunayashika kwa kichwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha yanatutoka. Kwa hiyo tumeona vema kuwaelezea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake limo ndani ya majina hayo, na ambaye alifika si mbali sana na kwetu, pale ku Mbeni, karibu na mto Semliki. Alikuja kutafuta farasi ndani ya msitu. Farasi hakuwamo. Aliyekuwamo ni okapi, na Wambuti walikuwa wakimjua tangu zamani za mababu. Mtu huyo ni Harry Johnston.

1. Utoto wake

Harry Hamilton Johnston alizaliwa tarehe 12 Juni 1858 katika mtaa wa Kennington, mji wa London, Uingereza. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, lakini mwenye bidii kubwa. Tangu ujana alipenda mambo mawili: kuchora na kujifunza lugha. Alisoma King's College ya London, kisha akajifunza uchoraji katika Royal Academy. Wakati ule ule alikuwa akienda katika bustani ya nyama ya London kuwachora nyama wa kila namna. Kazi hiyo ilimfundisha kuangalia vizuri, sababu mtu hawezi kuchora mguu wa twiga kama hajautazama mguu wenyewe namna ulivyo.

Akiwa kijana alisoma kitabu kilichosema kwamba labda ndani ya misitu ya Afrika kuna nyama wakubwa ambao wataalamu wa Ulaya hawajawaona bado. Neno hilo lilikaa moyoni mwake miaka mingi.

2. Safari za kwanza

Mwaka 1879 alikwenda Tunis, Afrika ya kaskazini, kuchora. Mwaka 1882 alifika Angola, na mwaka 1883 akafika Kongo, akakutana na Stanley, yule ambaye wazee wetu walimwita Bula Matari. Mwaka 1884 vyama vya wataalamu vya Uingereza vilimtuma mlima Kilimanjaro kukusanya mimea na nyama.

Hapo tuangalie jambo moja la mimea. Juu ya Kilimanjaro, kwenye baridi kali, unaota mmea mkubwa wa ajabu. Una shina nene kama mti, na juu kabisa una kichala cha majani makubwa kama kabeji. Mtu akiuona kwa mbali atasema ni mti. Lakini wataalamu hawakutazama ukubwa wake, walitazama maua. Kumbe kila ua ni kikapu cha maua madogo mengi yaliyokaa pamoja, sawasawa na alizeti, sawasawa na kishona nguo kinachoshika suruali zetu njiani. Basi mmea ule mrefu kama nyumba ni ndugu wa majani tunayong'oa shambani. Waliupa jina Senecio johnstonii, kwa heshima ya Johnston. Baadaye, mwaka 1978, wataalamu walipochunguza tena waliutoa katika jenasi ile na kuutia katika jenasi nyingine, Dendrosenecio. Jina la pili lilibaki.

Tukumbuke habari hiyo, maana inatuonyesha mambo mawili. La kwanza: alama inayoonekana kwa mbali siyo ile inayoonyesha undugu. La pili: jina la kitaalamu si sheria ya milele. Likionekana halifai, linabadilishwa.

3. Kazi ya serikali

Johnston hakuwa mtaalamu wa viumbe tu. Alikuwa mtu wa serikali, na kazi yake ilikuwa kuitwalia Uingereza nchi za Afrika. Lazima tuseme hilo wazi. Tangu 1885 alikuwa konsuli upande wa Kameruni na Nijeria. Mwaka 1887 alimwita mfalme Jaja wa Opobo kwenye mashauri, kisha akamkamata na kumpeleka mbali na nchi yake, kwa sababu mfalme huyo hakutaka Waingereza wamnyang'anye biashara ya mafuta ya mawese. Jaja hakurudi tena nyumbani, alifariki mwaka 1891.

Kutoka 1891 Johnston alitawala nchi ambayo leo inaitwa Malawi. Huko alipigana na wafanyabiashara wa watumwa, na mwaka 1895 alimshinda Mlozi wa Karonga, aliyekuwa ameharibu vijiji vingi. Mwaka 1896 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huo huo akaoa. Mwaka 1899 alitumwa Uganda kama mjumbe mkuu. Mwaka 1900 alifanya na wakubwa wa Buganda mapatano yaliyogawa ardhi na kuleta kodi ya nyumba.

Alipokuwa Uganda, nyuma ya milima ya Ruwenzori ulikuwa msitu mkubwa wa Ituri. Lile neno la ujana wake likaamka tena.

4. Namna ya kupanga viumbe

Kabla ya kuingia msituni pamoja naye, tukumbuke kidogo somo letu. Mtaalamu wa Uswidi aliyeitwa Linnaeus (1707–1778) ndiye aliyeweka desturi ya kumpa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini. Jina la kwanza ni la jenasi, yaani kama jina la ukoo. Jina la pili ni la spishi, yaani la aina yenyewe. Ili kujua kiumbe ni wa ukoo gani, tunatazama viungo vyake: mimea kwa maua na mbegu, nyama kwa meno, miguu, pembe na mifupa.

Watu walikuwa wakipanga hivyo hata kabla ya Linnaeus. Tukisoma Walawi sura ya 11, tunaona nyama wanatengwa kwa alama mbili: kwato zilizopasuka, na kucheua. Ngamia anacheua lakini hakuhesabiwa kati ya wenye kwato zilizopasuka; nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Alama moja haikutosha, walitazama zote mbili.

Sisi wa Alimbongo hatuhitaji kwenda mbali kwa kujifunza hayo. Mvua ikinyesha, tazameni njia wanayopita mbuzi na ng'ombe. Kila alama ya mguu ndani ya tope ina vipande viwili. Farasi na punda hatuwaoni sana hapa kwetu, lakini alama yao ni moja tu, ya mviringo, sababu wanasimama juu ya kidole kimoja. Tena fungueni kinywa cha mbuzi: taya la juu, mbele, hakuna meno. Farasi anayo, juu na chini. Basi mbuzi na farasi wote wanakula majani, lakini si ukoo mmoja hata kidogo.

5. Wambuti na mikanda ya askari

Stanley alikuwa ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1890 kwamba Wambuti wa Ituri wanajua nyama mmoja anayefanana na punda, na kwamba wanamnasa katika mashimo. Aliandika maneno machache tu. Lakini Johnston alipoyasoma alishangaa: punda ndani ya msitu mzito? Farasi na punda ni nyama wa mbuga. Akatamani kujua.

Nafasi ilipatikana kwa njia ya ubaya wa mtu mwingine. Mjerumani mmoja aliwateka Wambuti kadhaa ili awapeleke Paris, wakaonyeshwe kwa watu katika maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Wakubwa wa Kongo walikataa, wakamwomba Johnston amzuie kule Uganda. Johnston akawaokoa Wambuti hao. Walikaa naye kwa muda, kisha akasafiri nao mwenyewe kuwarudisha kwao. Hilo lilikuwa jambo jema, tunamsifu.

Katika siku hizo aliwauliza habari za yule nyama wa Stanley. Walimjibu bila kusita kwamba wanamjua. Wakamweleza rangi yake ya giza na mistari ya miguu. Jina alilolisikia kwao na kwa Wambuba, majirani wao wa msitu, ndilo okapi.

Walipofika Mbeni, kituo cha askari wa Bula Matari, Johnston akawakuta maofisa wawili, Meura na Eriksson. Nao wakasema nyama huyo yuko, askari wao wanamla, na ngozi yake wanaikata kuwa mikanda. Johnston akapata vipande viwili vya mikanda hiyo. Vilikuwa na mistari myeusi na myeupe, vizuri sana kwa macho. Sasa angalieni jambo hili: askari hawakukata mikanda kwa ajili ya elimu. Walikata sehemu inayopendeza. Sehemu nyingine ya ngozi, ile ya rangi moja, na kichwa, na miguu, vilikuwa vimetupwa.

Kisha Johnston akaingia msituni pamoja na watu wa kumwongoza. Wakamwonyesha alama za miguu ya okapi katika udongo. Alama zile zilikuwa na vipande viwili, kama za ng'ombe. Johnston akakataa. Aliona kwamba wanamdanganya au wamekosea, na kwamba zile ni alama za nyama mwingine, wa jamii ya swala. Juu ya nini alikataa? Sababu kichwani mwake farasi alikuwa amekwisha kuingia, na farasi hana kwato zilizopasuka. Baadaye homa ikawashika yeye na wenzake, wakalazimika kurudi bila kumwona okapi.

Ndugu wasomaji, jibu la swali lake lilikuwa pale chini, katika tope, mbele ya viatu vyake. Wenye kulijua walikuwa wamesimama kando yake na kulionyesha kwa kidole.

6. Jina la kwanza na jina la pili

Johnston alituma vile vipande vya mikanda London. Bwana Sclater, mtaalamu wa chama cha elimu ya nyama, alivichunguza, na mwaka 1901 akampa nyama huyo jina Equus johnstoni. Equus ni jenasi ya farasi, punda na punda milia. Lakini Sclater alikuwa mwangalifu: nyuma ya neno Equus alitia alama ya kuuliza. Maana yake ni kwamba alikuwa na ngozi ya mistari mkononi, wala hakuwa na jino wala mguu, kwa hiyo hakutaka kuapa.

Wakati huo huo, kule Mbeni, ofisa Meura alikuwa amekwisha kufariki kabla hajatimiza ahadi yake ya kumtafutia Johnston ngozi nzima. Mwenzake Eriksson ndiye aliyeitimiza. Alituma Uganda ngozi ya okapi pamoja na mafuvu mawili. Johnston alipoyafungua mwaka 1901, farasi akamtoka kichwani palepale. Kwato zilikuwa zimepasuka, sawasawa na zile alama alizozikataa. Meno hayakuwa ya farasi hata kidogo. Johnston, ambaye alikuwa amechora nyama wengi tangu ujana, akatambua kwamba huyu ni ndugu wa twiga. Akadhani ni wa jenasi ya Helladotherium, nyama wa kale ambao mifupa yao ilichimbwa Ugiriki.

Vitu hivyo vikapelekwa London, kwa Bwana Ray Lankester, mkubwa wa nyumba ya makumbusho ya viumbe. Lankester alitazama jino moja hasa. Twiga ana alama ambayo nyama wengine wanaocheua hawana: jino la chonge la taya la chini limegawanyika sehemu mbili kwa juu, kama jani lililopasuliwa. Okapi naye analo jino hilo. Basi ni wa familia ya twiga. Lakini hakuwa twiga mwenyewe, wala yule nyama wa kale wa Ugiriki. Lankester akamfungulia jenasi yake peke yake mwaka 1901, na jina likawa Okapia johnstoni. Ndilo tunaloandika mpaka leo.

Baadaye alama nyingine zilionekana. Okapi dume ana pembe mbili fupi za mfupa zilizofunikwa na ngozi, kama za twiga. Ulimi wake ni mrefu sana, anaweza kujilamba jicho. Shingo yake ina mifupa saba. Shingo ndefu ya twiga nayo ina mifupa saba tu, na yetu sisi watu saba vilevile: tofauti ni urefu wa kila mfupa. Katika miaka yetu wataalamu wamesoma mpaka ndani ya chembe za damu na mwili. Mwaka 2016 walionyesha kwamba ukoo wa okapi na ukoo wa twiga uliachana zamani sana, miaka zaidi ya milioni 11. Jino lilikuwa limesema kweli. Mistari ndiyo iliyodanganya.

7. Watu si nyama wa kupangwa

Liko jambo lingine katika maisha ya Johnston ambalo hatuwezi kuliruka. Macho yale yale aliyotazamia kwato na meno, aliyatumia pia kutazama watu. Katika vitabu vyake aliwapima na kuwachora watu wa Afrika, akawapanga kwa kimo, kwa pua na kwa rangi, na akawapa ngazi: hawa juu, hawa chini. Wambuti aliwaweka chini. Wazungu wengi wa wakati ule walifanya hivyo, wakaita kazi hiyo elimu.

Ni elimu ya uongo. Watu wote ulimwenguni ni spishi moja, na tofauti ya kimo au ya pua haionyeshi akili wala moyo wa mtu. Na tena mambo yenyewe yanamshtaki Johnston. Kati ya wale waliokuwa msituni ile siku, nani alijua kumpanga okapi kwa alama iliyo ya kweli? Si Sir kutoka London, bali wale wenye kuonyesha alama katika tope. Sisi watu wa Kivu tumeona kwa macho yetu ubaya unaofuata pale watu wanapoanza kutazamana sura na kugawanyana. Basi tupange nyama na mimea, watu tuwaache wawe watu.

8. Siku zake za mwisho

Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901. Alijaribu mara mbili, mwaka 1903 na 1906, kuingia katika bunge la Uingereza, akashindwa. Basi akakaa na kalamu yake. Mwaka 1908 alitoa kitabu kikubwa juu ya Kongo na juu ya maisha ya George Grenfell, yule mmisionari Mbatisti aliyesafiri sana mtoni. Kisha mwaka 1919 na 1922 akatoa vitabu viwili vya kulinganisha mamia ya lugha za Kibantu. Namna yake ilikuwa ile ile ya viumbe: aliweka maneno ya lugha mbalimbali kando kwa kando, akatafuta alama za undugu. Alifariki tarehe 31 Julai 1927 huko Uingereza, akiwa na miaka 69.

Na okapi? Yeye ni wa nchi yetu ya Kongo peke yake, porini hapatikani mahali pengine duniani. Mwaka 1992 serikali iliweka hifadhi yake katika msitu wa Ituri, upande wa Epulu, na mwaka 1996 hifadhi hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia. Tangu 2002 jina lake linasikika kila siku katika Radio Okapi. Lakini mwezi wa Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaangamia. Mwaka 2013 okapi alihesabiwa kati ya nyama walio katika hatari ya kwisha kabisa. Hata hivyo, upande wetu wa Virunga, ambako wengi walidhani amekwisha, mashine za picha zilizofichwa msituni zilimpiga picha mwaka 2008.

9. Tunajifunza nini?

Kwanza, tusipange kitu kwa kipande kimoja tu, hasa kipande kinachopendeza. Mkanda wa askari ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa mkanda tu. Pili, pale tusipokuwa na hakika, tutie alama ya kuuliza, kama Sclater. Mwanafunzi anayetia alama hiyo hapotezi heshima. Tatu, tukiwa na jambo la pori, la shamba au la mifugo, tuwaulize kwanza wanaoishi nalo: bibi zetu wanaojua majina ya majani, wachungaji wanaojua nyayo, Wambuti wanaojua msitu. Kisha tufungue kitabu, tuone kama vinapatana.

Tena tuliangalie vizuri lile jina, Okapia johnstoni. Jina la pili ni la Mwingereza aliyepeleka ngozi London. Jina la kwanza, lile la ukoo, ni neno la watu wa msitu wetu. Mwalimu akiliandika ubaoni katika somo la biolojia, tukumbuke pia wale walioonyesha nyayo, ambao majina yao hayakuandikwa popote.